Jebet Amtaja Kigen

Kila Jumamosi asubuhi Jebet alifagia ua wao mtaani Langas, akachota maji, kisha akasugua kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, kwa makaa. Maziwa yakishaganda vizuri, kikombe cha kwanza kilikuwa chake. Ndiyo iliyokuwa desturi ya nyumba yao, na Jebet, mtoto wa pekee, aliipenda kupita kiasi.

Desturi hiyo ilikufa siku Kigen alipohamia kwao. Kigen alikuwa mtoto wa marehemu dada yake mama, kijana aliyetoroka genge la Nyundo. Genge hilo liliwatesa watu miaka mingi. Liliwatoza wachuuzi pesa kwa nguvu, likachoma vibanda vya waliokataa, na mwanachama aliyethubutu kujitoa alikatwa mapanga mchana kweupe. Kigen alikuwa amekubali kutoa ushahidi mahakamani. Mama alimficha chumba cha nyuma, akamkanya Jebet asimtaje kwa yeyote.

Sasa kikombe cha kwanza kilikwenda chumba cha nyuma. Mnofu wa kuku nao ulikwenda huko huko. "Mwachie Kigen." "Usimsumbue Kigen." Jebet alinuna mpaka midomo ikamchoka. Wivu, jamani, ni moto wa pumba: huuoni, lakini unakula ndani kwa ndani.

Jumamosi moja mama alimtuma sukari.

"Fanya haraka, Kigen hajakunywa chai," mama aliongeza.

Jebet alitoka amefura kama andazi. Nje ya duka alikutana na Gideon, kijana ambaye mtaa mzima ulijua kuwa ni wa Nyundo.

"Sasa Jebet, nani amekukasirisha hivyo?"

"Si ni Kigen! Tangu akuje kwetu, kila kitu ni yake!"

"Kumbe yuko kwenu? Pole, aki," Gideon alisema akitabasamu. Akatoa simu na kuondoka upesi.

Jebet alitaka Kigen aondoke, si auawe! Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini alitimua mbio hadi nyumbani, sukari akaisahau.

"Mama, nimemtaja Kigen! Nimemwambia Gideon!"

Mama hakupoteza muda kumgombeza. Aliwapigia polisi, kisha akamwita jirani yao Wanyonyi, mwenye pikapu ya kubeba maziwa. Kigen alijilaza chini ya turubai, wakashika njia ya Kaptagat. Mama na Jebet wakajifungia kwa jirani mwingine. Vijana wanne wenye mapanga walipovunja mlango, walikuta chumba kitupu. Polisi wakawakamata humo humo, Gideon akiwa mmoja wao.

Jioni Jebet alilia kwa kwikwi. "Nilimwonea wivu, Mama. Nilifikiri unampenda kuliko mimi."

"Nilimpa kwanza kwa sababu hakuwa na uhakika wa kuiona kesho," mama alijibu. "Unajua Nyundo walianza vipi? Hawakuanza na panga. Walikuwa watoto wa hapa hapa, tukiwajua kwa majina. Mwenzao alipata kibanda sokoni, roho zikawauma, wakakichoma. Baada ya hapo hawakujua kuacha. Umenikosea sana, Jebet, na Kigen utamwomba msamaha wewe mwenyewe. Lakini ulirudi ukasema ukweli, na kwa hilo yuko hai. Siku nyingine roho ikikuuma, njoo uniambie mimi. Wivu ukimwambia mama hupoa. Ukimwambia adui, huua."