Ubani Kwenye Chumba cha Mashine

Siku ya Alhamisi Mwanahija hakuwa na muda wa kucheza rede na wenzake. Akitoka shuleni alikwenda moja kwa moja kwenye kituo alichofanyia kazi shangazi yake, Kuruthumu, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi naye. Alivua viatu mlangoni, akaamkia, akafagia ukumbi, kisha akamwagilia asumini iliyokuwa uani. Hayo yote alitumwa. Lililofuata baada ya hapo hakutumwa na mtu.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba kuukuu ya mawe mjini Bagamoyo. Humo zilihifadhiwa sauti za wazee: hadithi, nyimbo za kutwanga, maelezo ya mitishamba, kwa Kiswahili, Kikwere, Kizaramo na Kizigua. Wengi wa wazee hao walikwisha kufariki. Sauti zao zilikaa ndani ya seva, yaani kompyuta kubwa isiyozimwa mchana wala usiku, na shangazi Kuruthumu, fundi wa mitambo hiyo, alikuwa akizinakili kwenye kanda. Usidhani ni kanda za muziki za zamani. Hizi ni kanda za sumaku zilizofungwa ndani ya vijumba vya plastiki, kila kimoja na ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, na kimoja hubeba sauti za maelfu ya watu. Seva ikifa, kanda inabaki.

Sasa, nyumbani kwa kina Mwanahija, kama katika nyumba nyingi za Bagamoyo, Alhamisi jioni huchomwa ubani na kuombewa dua marehemu wa ukoo. Mwanahija akafikiri kwamba hao waliomo ndani ya mashine nao ni marehemu, na hakuna anayewachomea. Basi kila Alhamisi shangazi alipoingia kusali alasiri, yeye alichukua chetezo, akatia makaa kutoka kwenye jiko la chai, akanyunyiza ubani, akakiweka kwenye rafu iliyo chini ya mashine ya kanda. Kisha alifunga mlango ili moshi usipotee. Kile chumba kilikuwa na kiyoyozi na madirisha yake hayakufunguliwa kamwe, kwa hiyo moshi ulituama humo mpaka ukaisha wenyewe.

Shangazi alikuwa amemkataza kuingia mle na maji au chakula. Ubani hakuutaja. Lakini, jamani, mtu anayefanya jambo lisilo na neno hachungulii nyuma kabla ya kulifanya, na Mwanahija alichungulia kila mara. Shangazi naye hakushtushwa na harufu. Nani Bagamoyo atashangaa nyumba kunukia ubani siku ya Alhamisi?

Mambo yaliharibika wakati wa masika. Umeme ulikatika ukarudi, ukakatika ukarudi, mpaka diski ya seva ikafa. Shangazi hakutetereka. Aliweka diski mpya, akaisimika upya Linux, ule mfumo unaoiendesha seva, ambao huongei nao kwa kubofya vipicha bali kwa kuandika amri kwa maneno. Jumamosi asubuhi alichukua kanda ya mwaka uliopita na kuitia kwenye mashine ili arejeshe sauti. Programu ya nakala ikaanza kazi, ikasita, ikaandika kwamba imeshindwa kusoma.

Wakati huohuo mgeni akapiga hodi. Alikuwa Mzee Shuaibu, mkulima wa Miono, aliyetoka kwake alfajiri akiwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Mkewe, Bi Ashatu, alirekodiwa na kituo kabla ya kufariki. Mwanahija alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akamletea kiti na chai ya tangawizi. Shangazi akamweleza ukweli: sauti ya Bi Ashatu ipo kwenye kanda hiyohiyo ya mwaka jana, ila mashine ya kuisomea inagoma, na nakala nyingine hakuna.

Mzee alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Uso wake naukumbuka," alisema. "Nikifumba macho namwona mpaka kidoti chake. Sauti ndiyo inanitoka. Kila nikiitafuta, nasikia sauti ya binti yangu. Nimekuja niisikie kabla haijapotea yote. Fanyeni kazi yenu, mimi nipo."

Shangazi alikunja mikono ya baibui, akamwita Mwanahija amshikie tochi. Alimwambia kwamba kazi ya kutafuta ubovu ina adabu yake: unabadili kitu kimoja tu, unajaribu, unatazama, ndipo unagusa kingine. Ukibadili vitatu kwa pupa, hata ukipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Kwanza aliiuliza seva kama inaiona mashine ya kanda. Aliandika amri fupi, na seva ikaitaja mashine kwa jina lake. Inaiona. Basi pengine waya umelegea. Alichomoa waya, akatia mwingine mpya, akajaribu: imeshindwa kusoma. Pengine programu ya nakala haina ruhusa ya kuigusa mashine, kwa kuwa Linux ni mfumo wenye wivu, haumruhusu kila mtu kushika kila kitu. Alitazama ruhusa, akazikuta ziko sawa. Alisoma kumbukumbu za seva mstari kwa mstari, akaona mashine inalalamika vilevile kila inapojaribu. Mwishowe akatia kanda tupu isiyo na kitu na kujaribu kuiandika. Nayo ikagoma.

"Vizuri," shangazi alisema, na Mwanahija akamshangaa, maana yeye aliona mambo yanazidi kuwa mabaya. Shangazi akamfafanulia. Kanda mbili tofauti haziwezi kuugua ugonjwa mmoja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo si kanda, si waya, si programu. Ubovu uko ndani ya mashine yenyewe.

Hapo hasira zikampanda shangazi. Mashine hiyo ililetwa na Girish, mwenye duka la vifaa vya umeme karibu na soko, naye aliapa kwamba ni nzima. Shangazi akachukua simu, akampigia, akaanza kumweleza bila kumumunya maneno kwamba amewauzia mashine mbovu, kwamba ataipeleka Dar es Salaam ikapasuliwe, na kwamba mji mzima utajua. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika kanda ya Bi Ashatu, tayari kuitia kwa mara nyingine akiamini labda safari hii itasoma.

Mwanahija alikuwa ameinamisha tochi. Mwanga uliangukia matundu yaliyo mbele ya mashine, yale ambayo feni huvutia hewa. Kingo zake zilikuwa nyeusi. Alipitisha kidole, kikatoka na masizi yanayonata. Alikinusa. Kilinukia ubani. Akatazama rafu iliyo chini ya mashine, akaona juu yake duara ya kahawia, mahali palepale ambapo chetezo chake hukaa.

Angeweza kunyamaza. Girish angelaumiwa, mashine ingepelekwa Dar, na fundi wa huko labda asingejua kuna mtoto Bagamoyo anayechoma ubani. Alilifikiria hilo, tusimpake mafuta. Alilifikiria vizuri kabisa. Kisha kupitia mlango alimwona Mzee Shuaibu ukumbini, kikombe cha chai kimepoa mkononi.

"Shangazi, usimgombeze kaka Girish," alisema. "Ni mimi. Na hiyo kanda usiitie, tafadhali."

Shangazi alishusha simu. Mwanahija akaeleza yote: Alhamisi, alasiri, makaa, ubani, mlango. Alieleza akilia, lakini hakuruka kitu. Alipomaliza akauliza:

"Nimeizima sauti ya Bi Ashatu?"

Shangazi hakumpiga wala hakumfokea. Alimwuliza maswali kama alivyoiuliza seva, moja baada ya jingine: chetezo kilikaa wapi hasa, moshi ulikaa muda gani, ameanza lini. Mwanahija alisema tangu shule zilipofunguliwa Januari.

"Hatujui bado kama umeizima," shangazi alijibu. "Tunachojua ni kwamba moshi umeingia. Kazi yetu sasa ni kuutoa. Futa machozi ushike tochi."

Girish alikuwa bado yupo kwenye simu, amesikia kila kitu. Haukupita muda mrefu akafika kwa pikipiki, na badala ya kudai aombwe radhi alikuja na kanda ya kusafishia, ambayo haina sauti wala maandishi, kazi yake ni kupangusa kichwa cha kusomea kilichomo ndani ya mashine. Shangazi alimwomba radhi vilevile, tena mbele ya Mwanahija. Girish akasema yamekwisha, ila ameshukuru kwamba ile kanda ya mwaka jana haikurudishwa ndani. Kichwa kikiwa na utando wa moshi hukwaruza kanda, na kanda iliyokwaruzwa haina fundi.

Wakaanza. Mwanahija alipewa brashi laini na kazi ya kusafisha matundu na feni, na aliifanya mpaka mikono ikawa myeusi kama ya muuza mkaa. Girish akatia kanda ya kusafishia. Mashine ikaimeza, ikanguruma, ikaitema. Taa ya manjano iliyo mbele yake, ambayo huwaka mashine ikitaka kusafishwa, ikabaki inawaka. Shangazi akaitazama taa hiyo, akasema kwa sauti ndogo kwamba aliiona ikiwaka tangu wiki iliyopita, na kila alipoiona alijiambia ataishughulikia kesho. Kwa hiyo kosa si la mtoto peke yake, aliongeza, na Girish akajifanya hakusikia.

Wakasafisha tena. Taa ikabaki. Girish alikuna kichwa, akasema labda basi tena, imeshindikana. Shangazi akasema labda bado hawajaufikia uchafu wote. Mwanahija akazidi kupiga brashi kwenye pembe ambazo vidole vya watu wazima haviingii, na huko akatoa bonge la vumbi na utomvu lililogandamana kama nta. Wakasafisha kwa mara nyingine. Mashine ikanguruma kwa muda mrefu zaidi, ikatema kanda, na taa ya manjano ikazimika.

Hakuna aliyeshangilia. Shangazi alitia kwanza ile kanda tupu, akaiandika, akaisoma, ikawa sawasawa. Programu ya nakala ikaleta ukaidi wa mwisho: ilikuwa imeiwekea mashine alama ya ubovu tangu asubuhi na haikutaka kusuluhishwa. Shangazi akacheka, akasema hii nayo imenuna, akaizima na kuiwasha upya. Ndipo akaitia kanda ya Bi Ashatu, taratibu, huku midomo yake ikisoma bismillahi.

Mashine ikanguruma. Mistari ikaanza kupita kwenye kioo, jina baada ya jina, wazee wa Miono, wa Zinga, wa Kerege. Mwanahija aliifuata kwa macho bila kupepesa, mpaka akaliona jina alilolitaka.

Walimwita Mzee Shuaibu ndani, wakamkalisha kwenye kiti cha shangazi. Kwenye spika kulisikika kwanza upepo na kuku. Kisha sauti ya mwanamke, nzito kidogo, yenye kicheko ndani yake: "Haya, mshaanza? Shuaibu, mwondoe huyo mbuzi, anatafuna mkeka wa wageni."

Baada ya hapo akaanza wimbo wa kutwanga, kwa Kikwere, mchi ukimwitikia. Mzee hakulia kama Mwanahija alivyotarajia. Alitabasamu huku mikono yake imeshikana magotini, akitikisa kichwa kufuata mchi, mpaka wimbo ukaisha.

Baadaye shangazi alimweleza mzee kilichotokea, na Mwanahija akapiga magoti kumwomba radhi. Mzee alimwuliza kwa nini aliuchoma huo ubani. Akajibiwa.

"Ulimkumbuka mke wangu Alhamisi kwa Alhamisi, wala hukumjua," mzee alisema. "Radhi yangu unayo. Endelea kumkumbuka, mjukuu wangu. Ila kachome barazani."

Shangazi alimshika Mwanahija bega. "Sikiliza, mwanangu. Mashine haijui kama ulikuwa na nia njema. Moshi ni moshi. Ukifanya jambo kwa kujificha, hata liwe zuri, hakuna wa kukuonya linapodhuru. Na fundi hawezi kutengeneza asichoambiwa. Leo tusingeipata sauti hii kwa waya wala kwa amri zangu zote. Tumeipata kwa sababu ulisema, kisha ukaendelea kusugua wakati wengine tumechoka." Girish akakohoa, akajua anasemwa yeye.

Si kila kitu kilipona. Kanda moja ya karibuni ilikuwa na mikwaruzo, ikabidi mazungumzo machache yarekodiwe upya, na waliozungumza, alhamdulillahi, wangali hai. Mwanahija ndiye aliyepewa kazi ya kutazama ile taa ya manjano kila Alhamisi na kumwambia shangazi siku ileile itakapowaka.

Jioni hiyo, kabla ya kurudi Miono, Mzee Shuaibu aliomba asikie mara moja tena. Si wimbo, alisema, pale mwanzo tu. Mwanahija akabonyeza. Upepo, kuku, na Bi Ashatu akimwambia mumewe amwondoe mbuzi.

"Nimeshamwondoa," mzee akajibu, akainuka kuchukua kofia yake.