Mwezi wa Nne wa Mshtarii

Kila siku nikitoka shule kazi zangu ni zilezile: kufagia uwanja, kuosha vyombo, kumaliza hesabu kabla mama hajauliza. Jua likizama, mjomba anarudi kutoka dukani kwake, maana yeye ni fundi wa miwani, na tunaitoa darubini yake uani. Aliiunda mwenyewe kwa bomba la plastiki na kioo cha mviringo. Majirani wanaiita mzinga.

Muhula mmoja shule yetu iliandaa mashindano ya picha za sayansi. Mshindi angepelekwa likizoni kwenye kituo cha kutazama nyota, chenye darubini kubwa kuliko nyumba yetu. Nafasi ilikuwa moja tu. Niliitaka kuliko kitu chochote, wala sioni haya kusema hivyo.

Nikaamua kupiga picha ya Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote. Nilihangaika wiki mbili. Simu ya mjomba ukiishika kwa mkono kwenye tundu la darubini inatikisika. Ukiifunga kwa mpira, sayari inatoka nyeupe tupu kama taa ya pikipiki. Mjomba akanifundisha kupunguza mwanga, kisha kuiachia simu ihesabu sekunde kumi na kujipiga yenyewe. Na sayari nayo haimsubiri mtu. Ukizubaa imeshapita ukingoni, unasogeza bomba, unaanza upya. Hatimaye, Jumatano moja jioni, nilipata picha arobaini na moja, na moja kati ya hizo ilikuwa safi kabisa: mikanda miwili ya hudhurungi, na vinukta vya miezi yake pembeni.

Tatizo, vinukta vilikuwa vitatu. Kitabu kilisema darubini ndogo huonyesha miezi minne. Mjomba alikuwa ameshaingia ndani kula. Nikatoa nakala ya ile picha, nikachora nukta ya nne kwa kidole, ndogo, nzuri, hata mimi mwenyewe nikaiamini. Nakala hiyo nikaihamishia kwenye flashi, kisha nikaifuta kwenye simu ili mjomba asiione.

Flashi nikampa Chiriku, tunayekaa naye dawati moja. Tulimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika. Kaka yake ana duka la kuchapisha picha, na Chiriku akaniambia niondoe wasiwasi.

Jumatatu picha ilikuwa ukutani shuleni, kubwa, inang'aa, na chini yake jina la Chiriku.

Damu ilinichemka. Nilimvuta pembeni nikamuuliza kama ana akili timamu. Alitazama viatu vyake kwanza.

"Flashi haikuandikwa jina," alisema. "Nani atakuamini?"

Sikulia, wala sikumsemea kwa mwalimu. Niliapa kwamba atanitambua, tena mbele ya watu, Ijumaa, siku ya maonyesho, wazazi wakiwa wamejaa ukumbini. Nilitaka aumbuke hadi akose pa kuweka uso wake. Siku zote hizo nilimchekea, nikamwazima rula, nikamsifia picha. Alidhani nimenywea.

Ushahidi nilikuwa nao: picha zangu zote kwenye simu ya mjomba. Lakini Alhamisi nilizipitia upya. Kila moja ilikuwa na miezi mitatu. Nikizionyesha, nukta yangu itafichuka, na safari ndiyo basi tena. Nikafikiri sana, nikaona heri nikose mimi, mradi asipate yeye. Hiyo haikuwa busara, ilikuwa hasira, na nililala usingizi mtamu.

Ijumaa mwalimu wa sayansi alimwita Chiriku aieleze picha. Akatiririka: subira, baridi, mkono usiotikisika. Watu wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono, nikamuuliza kwa adabu kama alibadilisha chochote.

"Hata nukta sijagusa," alisema.

Hapo ndipo nilipokuwa nikimngojea.

"Basi tueleze. Mwezi wa nne umetoka wapi?"

"Unakuja baada ya Machi," mtu mmoja akasema kutoka nyuma. Ukumbi mzima ukacheka, na Chiriku akacheka nao. Nikangoja wanyamaze.

"Jioni ile miezi ilionekana mitatu," nikasema. "Wa nne niliuchora mimi, kwa kidole hiki. Picha zenyewe hizi hapa, kwenye simu ya mjomba, na tarehe zake."

Mwalimu akaipokea simu, akazipitia moja moja. Midomo ya Chiriku ilicheza bila kutoa sauti, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nilimkazia macho, na sikumwonea huruma hata chembe. Utamu wake siwezi kuusimulia. Ulidumu kama dakika mbili.

Kisha mwalimu akaibandua picha ukutani. Alisema picha iliyoibwa haishindani, iliyoghushiwa haishindani, na hii ilikuwa yote mawili. Nafasi ikaenda kwa msichana wa darasa la chini yetu aliyepiga picha ya siafu.

Jumatatu iliyofuata Chiriku alikuja kuniomba radhi, kaka yake akiwa amesimama nyuma yake amekunja mikono. Mwalimu alikuwa amempa Chiriku nakala ya picha halisi kutoka kwenye simu, naye akaichapisha upya ikiwa na miezi mitatu, na jina langu kwa herufi kubwa. Niliikagua nukta kwa nukta kabla ya kuipokea. Kumsamehe kulichukua muda zaidi, nami sikuwa na haraka. Mwalimu akaitundika picha nje ya mashindano, na mjomba akaja kuitazama. Alisogeza miwani, akainama karibu na ukuta.

"Unajua mwezi wa nne ulikuwa wapi jioni ile?" aliniuliza.

Nikasema sijui.

"Ulikuwa nyuma ya Mshtarii. Miezi ile huizunguka sayari, na kuna saa mmojawapo unapita nyuma yake, hauonekani. Uliipiga picha mmoja ukiwa umejificha. Ungeniuliza, ningekwambia, na picha kama hiyo mashindano yote yale hakuwa nayo mtu."



"Chiriku alikuibia uongo, mwanangu. Ukweli uliuficha wewe mwenyewe. Siku nyingine ukiona vitatu, andika vitatu, halafu uliza cha nne kiko wapi."

Siku hiyo nilitafuta mtu wa kumlipiza kisasi, nikakuta nimebaki mimi mwenyewe.