Nyasi za Kutazama na Nyasi za Kukanyaga

Fundi cherehani alikuwa na adui mmoja tu duniani: vumbi. Alishonea barazani kwa sababu chumbani kulikuwa na giza. Mbele ya baraza palikuwa na uwanja mtupu, hatua kumi na mbili mpaka langoni. Upepo ukivuma, vumbi lilipanda barazani na kukaa juu ya nguo za watu. Siku gauni jeupe la bibi harusi lilipogeuka rangi ya chai, fundi alilia kwanza, kisha akalifua, kisha akaapa kwamba uwanja ule lazima uote kitu.

Wiki hiyohiyo alipeleka mapazia kwenye nyumba moja ya wageni. Langoni aliona nyasi ndefu zenye mashuke ya zambarau, zikiinama na kuinuka kwa upepo. Alizitazama mpaka mlinzi akamuuliza kama amepotea. Akaomba mashina machache, akapewa mzigo mzima. Aliyapanda kama anavyopanga vifungo kwenye shati, mstari kwa mstari, kutoka ukingo wa baraza mpaka langoni. Aliacha kinjia chembamba tu cha kupita. Hakumuuliza mtu yeyote. Fundi wetu alikuwa mwepesi wa mkono, mzito wa kuuliza.

Nyasi zilipendeza, hilo tusimnyime. Mumewe, dereva wa lori, aliporudi kutoka safari alisimama langoni akasema anaogopa kuingia, nyumba imekuwa ya wakubwa. Wateja walisifu. Na vumbi? Lilipungua kidogo tu, maana kati ya shina na shina udongo ulibaki wazi. Lakini macho yakishapenda, hayaoni kasoro. Nyasi zikafika kiunoni, kisha kifuani. Mume alishauri zipunguzwe. Fundi alikataa katakata. Nani hukata marinda ya gauni zuri?

Walikuwa na mtoto mmoja, binti wa miezi kumi na moja. Kwa unene wake wakamwita Kibonge. Alitambaa kwa kasi, na siku hizo alikuwa ameanza kushika stuli na kusimama.

Asubuhi moja Kibonge alishuka barazani kinyumenyume, akapotelea kwenye nyasi. Mama yake alimfuata akicheka. Alimkuta ameketi kwenye mstari wa pili, katikati ya mashina. Mkononi alishika kitu kirefu, chepesi, cheupecheupe, akikipeleka mdomoni. Fundi alidhani ni kipande cha bitana kilichopeperushwa na upepo. Akakivuta. Lilikuwa gamba la nyoka.

Alimnyakua mtoto, akakimbilia ndani, akafunga mlango. Alimkagua vidole, nyayo, nyuma ya masikio, kila mkunjo wa paja. Hakuona jeraha, ila mistari myembamba myekundu mikononi, iliyochanwa na makali ya majani. Akamvua nguo zote, akamkagua tena.

Tangu siku ile hofu ikawa mwenye nyumba, na fundi akawa mpangaji. Cherehani aliihamishia chumbani, kwenye giza. Kibonge alifungwa mgongoni kwa mbeleko kutwa nzima, hata mama akishona. Mtoto alirusha miguu akitaka kushuka. Mama alikaza mbeleko. Upepo ukivuma, nyasi zilisugua ukuta chini ya dirisha, naye aliacha kazi akasikiliza. Wahenga walisema mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Fundi hakuumwa, lakini hata utepe wa kupimia ukimwangukia mguuni aliruka.

Wiki tatu zikapita hivyo. Watoto wa rika la Kibonge walianza kutembea. Kibonge alipowekwa kitandani, alikaa tu, hajaribu tena kusimama. Jambo hilo lilimuumiza mama yake kuliko yote, na bado hakuthubutu kumweka chini.

Mumewe alimpigia simu kutoka safarini. Shauri lake lilikuwa fupi: amwagie nyasi mafuta ya taa, awashe moto, mambo yaishe. Basi Jumamosi alasiri fundi akasimama ukingoni mwa baraza, mtoto mgongoni, dumu mkononi, kiberiti mfukoni.

Hapo ndipo alipoingia Mama Mpira, jirani wa nyumba ya tatu, aliyefuata koti lake la kazi. Alikuwa mtunza bustani katika chuo cha ualimu. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuonekana bila mpira wa kumwagilia maji begani. Alikuwa mfupi, mwenye maneno mengi na viatu vyenye udongo siku zote.

"Unataka kuchoma nyoka au kuchoma nyumba?" aliuliza.

Akamwonyesha. Chini ya nyasi kulijaa majani makavu. Upepo ulivuma kuelekea mlangoni. Tena nyoka akikimbia moto atatafuta penye baridi na giza, yaani uvunguni mwa kitanda. Fundi aliketi palepale barazani.

"Dada, mimi naogopa," alisema. "Naogopa mpaka kumweka mtoto wangu chini."

Mama Mpira alilichukua lile dumu taratibu, akaliweka mbali, akaketi naye.

"Una haki ya kuogopa. Lakini nyasi hizi hazina kosa. Kosa ni mahali ulipoziweka. Wewe fundi, niambie: pazia na shuka si vitambaa vyote?"

"Vitambaa."

"Pazia la matamvua unalitandika kitandani mtoto alale?"

Fundi akatikisa kichwa.

"Basi hizi ni pazia. Nyasi za mapambo ni za kutazamwa. Huota mashina mashina, hurefuka, majani yake hukata ngozi. Chini yake kuna kivuli, panya hujificha humo, na nyoka humfuata panya. Mahali pa mtoto kutambaa panataka ukoka. Ukoka hutambaa na kushikana, hufunika udongo wote, vumbi halipati pa kutokea. Unakanyagika. Na ukikatwa mfupi, hata mjusi akipita unamwona."

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," fundi alisema kwa uchungu.

"Usizitukane. Zina kazi yake. Hazidai maji mengi, unazikata mara moja kwa mwaka, na mizizi yake hushika udongo wa ukingoni usichukuliwe na mvua. Ukoka ndio mwenye kudeka. Unataka jua, unataka maji ukianza, na wakati wa mvua unataka kukatwa kila wiki mbili. Ukiuachia, nao utakuwa kichaka."

Wakakubaliana nyasi zifyekwe na ukoka upandwe, ila wasubiri mume arudi. Siku ya kazi Mama Mpira alikuja na fyekeo, fimbo ndefu na masharti. Kila anayekata avae mabuti marefu na suruali nene. Mkono usiingie mahali jicho halijafika. Kwanza fimbo ipige chini, ndipo fyekeo lifuate. Wangeanza kukata kwenye ukuta wa nyumba kwenda langoni, ili kilichomo kipate njia ya kutoka nje. Na mtu akiumwa, asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba. Atulie, apelekwe hospitali upesi.

Fundi alibaki ndani na Kibonge. Alizibia uwazi wa chini ya mlango kwa mabaki ya vitambaa, akachungulia dirishani. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila fimbo ilipopiga chini, alifumba macho.

Kwenye mstari wa sita Mama Mpira aliinua mkono. "Tulieni."

Nyoka wa kahawia, mrefu kama mkono wa mtu mzima, alitoka kati ya mashina. Dereva aliinua panga. Mama Mpira alimshika kiwiko.

"Mwache aende zake. Wengi huumwa wakitaka kuua."

Nyoka alipita chini ya lango, akaingia mtaroni, akapotea. Dirishani, fundi alihesabu mistari kutoka barazani. Kutoka pale mpaka alipoketi mtoto wake siku ile hazikuzidi hatua tatu. Aliketi sakafuni akimkumbatia Kibonge, akalia mpaka jirani akaja kumgongea.

Baada ya kufyeka waling'oa mashina yote, ila manne hawakuyatupa. Waliyapunguza na kuyahamishia kona ya mbali, kwenye ukingo wa mtaro, ambako mvua ilikuwa ikila udongo wa uzio. Mvua za kwanza ziliponyesha, walisawazisha uwanja, wakachomeka vipande vya ukoka vyenye mizizi, shibiri moja kutoka kipande hadi kipande. Siku zisizo na mvua walimwagilia asubuhi na jioni. Magugu waliyang'oa yangali madogo. Baada ya miezi mitatu udongo haukuonekana tena. Vumbi likakoma, na cherehani ikarudi barazani.

Lakini Kibonge alibaki mgongoni. Nyasi ziling'olewa uwanjani kwa siku moja. Hofu haikung'oka hivyo. Mama Mpira hakumsema. Alimwambia tu kwamba bustani haijaisha mpaka aliyepandiwa aikanyage.

Jumapili moja, baada ya mumewe kukata ukoka, fundi alivua viatu. Alitembea uwanja mzima taratibu, macho chini, kutoka baraza mpaka lango na kurudi. Aliwaona sisimizi. Aliona kifungo kilichoanguka. Hakuona kitu kingine. Akasimama katikati, akafungua mbeleko, akamteremsha mtoto.

Kibonge alishika gauni la mama yake, akaukanyagakanyaga ukoka kama anayeupima. Kisha akaliachia gauni. Alipiga hatua moja, ya pili, ya tatu, akaanguka kwa makalio.

Mume alitaka kukimbia kumwinua. Fundi alimzuia. Bado aliogopa. Alishikanisha mikono yake nyuma, pale mgongoni alipozoea kumbeba, akamwacha mtoto ainuke mwenyewe.