Laptopu Iliyokuwa na Joto

Betri ilikuwa imetolewa na kuwekwa kando juu ya kaunta, lakini laptopu yenyewe ilikuwa na joto kama mwili wa mtu mwenye homa.

Binti akaondoa mkono haraka. "Umeizima sasa hivi?"

"Tangu juzi haijawashwa," alijibu muuzaji, macho yake yakiwa barabarani.

Binti alikuwa akitafuta mashine ya kwenda nayo chuo kikuu, kusomea shahada ya uzamili katika hesabu za masoko ya fedha. Ufadhili wake ulitegemea mtihani mmoja wa kufanyia nyumbani. Alihitaji prosesa yenye nguvu na memori kubwa, maana katika masomo hayo mtu hubuni njia elfu na elfu ambazo bei ya hisa inaweza kupita, zote kwa mkupuo. Laptopu mpya aliyoimudu ilikuwa nyembamba, nyepesi na dhaifu. Hii ya mtumba ilikuwa nzito kama tofali, lakini haikupungukiwa na kitu.

"Mchagua jembe si mkulima," mama yake alinong'ona, miguu ikimuuma kwa kuzungushwa madukani. "Chukua moja twende zetu."

Akachukua ile nzito.

Nyumbani, feni yake haikuvuma kama feni nyingine. Ilivuta, ikatulia, ikatoa. Chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua. Mama akafungua madirisha, akasugua sakafu, harufu ikabaki palepale. Binti hakujali. Kazi aliyotarajia ichukue mchana kutwa ilimalizika kabla hajarudi na kikombe cha chai. Siku ya mtihani alisoma swali la kwanza tu. Alipoinua macho, majibu yalikuwa yamejaa skrini nzima, safi, na hakukumbuka kugusa hata herufi moja.

Akayatuma.

Kuanzia hapo akawa hali, halali, na akiitwa huitika kwa kuchelewa, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto.

Alasiri moja mama alisikia vitufe vikigongwa, akaenda kumwambia apumzike, akasukuma mlango taratibu, akamkuta mwanawe amelala chali kitandani, amefumba macho, vidole vikichapa juu ya shuka, na kule mezani, upande wa pili wa chumba, vitufe vya laptopu vikididimia kimoja kimoja kufuata vidole vile, huku feni ikivuta pumzi na kuitoa sambamba na kifua cha binti, na kadiri kifua kilivyopunguza kupanda ndivyo feni ilivyozidi kuvuta.

Alimburuta mwanawe hadi sebuleni, akampigia simu muuguzi mmoja wa mtaani ambaye, baada ya zamu zake, alikuwa akiwatoa watu majini na mapepo. Majirani walimcheka mchana, na walipobanwa walimtafuta.

Alikuja na viatu vyake vya wodini. Akasoma dua kwa sauti ya chini hadi binti akazinduka, akamwongoza chumbani, akasimama mbele ya laptopu. "Wewe ni nani?"

Spika ikakwaruza. "Mfanyakazi."

"Wa nani?"

"Kijana aliyenimiliki kabla ya huyu. Alinipa kazi, nikamaliza. Akanipa nyingine, nikamaliza. Alipoishiwa na kazi za kunipa, nikaanza kumhesabia pumzi. Nazo zikaisha."

Mama akajiziba mdomo.

"Mdogo wangu," muuguzi alimnong'oneza binti, "hatoki mpaka ukatae alichokufanyia. Chote. Na ule mtihani."

"Dada, ule ndio ufadhili wangu!"

"Nitakufanyia mpaka shahada," spika ilibembeleza. "Nani mwingine atakufanyia?"

Binti akanyamaza. Mama yake alisema baadaye kwamba katika yote ya siku ile, ukimya huo ndio uliomtisha zaidi. Kisha binti akaomba simu, akawaandikia wakuu wa chuo kwamba majibu yale hayakuwa yake.

"Sikutaki," akasema. "Na kazi yako siitaki."

Feni ikavuta pumzi ndefu kuliko zote, mapazia yakaelekea mezani, milango ikajibamiza nyumba nzima, halafu kimya. Muuguzi akaweka kiganja juu ya laptopu. Ilikuwa baridi kama jiwe.

Kesho yake wakairudisha dukani. Njia nzima binti alikuwa akiyapanga maneno makali.

"Ulijua," akamwambia muuzaji.

Yule bwana akaketi. "Ilikuwa ya mwanangu. Tulipotoka kumzika, vitufe viliendelea kujigonga. Mama yake alikimbia nyumba. Mimi nilidhani ni yeye. Nikawa nakaa pembeni, namsimulia habari za nyumbani. Vitufe vinanijibu. Mke wangu alikataa kurudi mpaka niiuze."

Binti akayaacha maneno makali, akaiweka laptopu mbele yake taratibu.

Muuzaji akaivuta laptopu kifuani, akaitegea sikio kwa muda mrefu.

"Imenyamaza kabisa?"

"Kabisa, baba."

"Kumbe ndiyo amekufa," akasema, na kwa mara ya kwanza akaanza kulia.