Kazi ya Kwanza ya Kinyozi

Hata mimi, ambaye fisi hunipisha njia, hili la rafiki yangu kinyozi hulisimulia mchana tu. Alipofiwa na mkewe alifunga kibanda, akajikalia ndani mapazia yameshushwa, ganzi mwili mzima. Kaka wa marehemu akamletea kompyuta mpakato.

"Shemeji, tafuta kazi mtandaoni. Utakaa kama gunia mpaka lini?"

Kazi ya kwanza ikaja: sikiliza sauti iliyorekodiwa, andika kila kinachosikika, hata kikohozi. Ukiruka kitu, mteja anaikataa, na mgeni aliyekataliwa hapati kazi nyingine.

Akavaa hedifoni, akaandika. Mlango unafunguliwa. Kandambili zinaburuzwa. Ghafla umeme ukakatika, ikabaki nuru ya kompyuta tu. Ndani ya hedifoni mwanamke akauliza, kwa sauti ambayo kinyozi aliijua vizuri, "Mume wangu, umekula?"

Akaandika. "Bado," akajibu bila kufikiri.

Ndani ya hedifoni nako akajisikia akisema, "Bado." Akaliandika na hilo, kazi ni kazi.

Kisha kijiko kikaanza kukoroga chai. Akaandika, akavua hedifoni.

Kijiko kikaendelea kukoroga, taratibu, nyuma ya kiti chake.