Trekta Iliyopakwa Rangi ya Geti

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuokota mayai kwenye kiti cha trekta. Kuku wetu mwekundu alikataa katakata kutaga mahali pengine. Trekta yenyewe ilikaa chini ya kibanda cha mabati hapa kwetu Tongaren, rangi yake ya kijivu imefifia, magurudumu hayana pumzi. Babu aliinunua zamani, watu walipogawiwa mashamba. Babu alipofariki, trekta ikawa ya kuku.

Niliishi na nyanya yangu, Kukhu Nabwile. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, haoni ila ukungu. Daktari alisema akifanyiwa upasuaji Kitale ataona tena, lakini pesa hatukuwa nazo. Ndipo mwalimu wetu mmoja akamwambia Kukhu kwamba matrekta ya aina ile yamebaki machache mno, na kuna watu wanaoyatafuta kama dawa. Kukhu akamwita Bwana Kipngeno, mkadiriaji wa mashine kutoka Kitale, aje Jumamosi aseme bei.

"Nasike," Kukhu aliniambia Alhamisi, "toa mavi ya kuku kwenye trekta. Usiguse kitu kingine."

Nilisikia vizuri. Masikio yangu hayana kasoro, kichwa ndicho kigumu. Kwetu mgeni akija, nyumba hukandikwa upya, ua hufagiliwa, hata mbuzi husogezwa. Sasa mgeni wa maana namna ile akute trekta imechakaa? Niliona aibu. Ndani ya stoo kulikuwa na mkebe wa rangi ya kijani. Ulibakizwa na Kizito, kijana wa jirani aliyekuwa akitulimia shamba, alipopaka geti la kanisa. Jioni hiyo Kukhu alikuwa kwenye maombi ya akina mama. Nilipaka trekta yote, pamoja na kile kibati kidogo chenye namba, nikajisifu moyoni.

Jumamosi Bwana Kipngeno alizunguka trekta mara moja tu. Akagusa madigadi, lile bati la juu ya gurudumu, kidole chake kikatoka na kijani.

"Mama," alimwambia Kukhu kwa upole, "hii rangi ni ya juzi."

"Rangi gani?" Kukhu akashangaa. "Harufu naisikia, lakini si ni ule mkebe wa stoo?"

"Trekta yote imepakwa. Namba siioni, na kama kuna nyufa, sizioni pia. Mtu akipaka mashine siku mbili kabla ya mkadiriaji kuja, huwa kuna kitu anaficha. Ingekuwa na rangi yake ya kiwandani, hata iliyochakaa, ningesema laki nne. Hivi ilivyo ni elfu hamsini, bei ya chuma tu. Naenda Kamukuywa kuangalia mashine ya kusaga. Nitapita hapa saa tisa nikuachie karatasi."

Elfu hamsini haingetosha hata jicho moja. Kukhu alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Hakuna aliyewahi kumwita mdanganyifu maishani mwake.

"Rangi ni ya Kizito," alisema mwishowe. "Nasike, ni yeye alipaka?"

Nilijua jibu. Lakini mdomo wangu ukasema, "Labda."

"Basi mwambie asije tena hapa kulima."

Nilienda. Nilimkuta Kizito akipukuchua mahindi, nikampa ujumbe huku nikiangalia chini. "Ati mimi nimepaka nini?" aliuliza. Nilirudi nyumbani mbio, na ugali wa mchana nikauacha sahanini. Kucha zangu zilikuwa bado na kijani. Tangu Alhamisi nilikuwa nikificha mikono nyuma ya mgongo, namficha mtu asiyeona. Nilijichukia.

Mara Kizito akaingia uani, amebeba jembe letu.

"Kukhu, nimerudisha jembe," alisema. "Trekta sijaigusa. Lakini wewe ni kama mama yangu, sitabishana."

Akaliegemeza jembe ukutani, akageuka kuondoka. Sikuweza tena.

"Kukhu, si Kizito," nikasema nikilia. "Ni mimi."

Nikaweka mikono yangu ndani ya yake. Kukhu alizinusa kucha zangu. Hakunichapa. Afadhali angenichapa.

"Mpigie Bwana Kipngeno," alisema. "Umwambie kwa mdomo wako mwenyewe."

Nilimwambia yote. "Ulipaka lini?" akauliza.

"Alhamisi jioni."

"Basi haijashika sawasawa. Tafuteni mafuta ya taa na vitambaa laini. Msikwaruze. Ninakuja."

Nilimgeukia Kizito nikamwomba msamaha. Alinitazama kwanza. "Umeniumiza, Nasike," alisema. "Haya, leta kitambaa."

Tulifuta mpaka jua likakaribia kutua, hata Bwana Kipngeno akakunja mikono ya shati. Kijivu kikarudi polepole. Namba ikaonekana, na ufa haukuwepo hata mmoja. "Pua ya trekta imechubuka kidogo," alisema, "kwa hiyo naandika laki tatu na nusu. Na samahani, Mama, nilikudhania vibaya."

Mnunuzi alipatikana mwezi uliofuata. Alilipa, akasema ataichukua trekta baadaye. Kukhu alirudi kutoka Kitale amevaa miwani myeusi, na siku trekta ilipopakiwa kwenye lori, aliomba kuiaga. Aliinama, akaona tone la kijani chini ya usukani.

"Hili mlilisahau," alisema, akalikwaruza kwa ukucha. Halikutoka. "Unaona, mjukuu wangu? Kosa likiwa bichi hutoka kwa kitambaa. Ukilinyamazia likakauka, utalikwaruza mpaka uchune na ngozi. Ungengoja wiki moja, ningebaki gizani, na Kizito angebaki na jina baya ambalo si lake. Ukikosa, sema siku hiyohiyo."

Kisha akanishika mkono, akavua miwani, akaziangalia kucha zangu moja moja.

"Sasa ni safi," alisema.