Mlango Uko Upande Gani

Mvua ya Kongowea haibishi hodi. Siku hiyo ilimwagika adhuhuri, soko limejaa pomoni, na mwenye duka la leso akateremsha mlango wa bati ili maji yasiingie. Ikhlas, mwalimu wa chekechea kutoka Bofu, alikuwa ameshika pindo la leso ya zambarau. Pindo la pili lilikuwa mkononi mwa kijana mrefu aliyevaa shati jeupe. Mlango ulipofika nusu, kijana aliinama akachomoka nje na leso yote.

Ikhlas hakumwachia. Alimfuata mbio, buibui limemganda miguuni, akamkuta amesimama katikati ya njia akihema, shati limeloa chepechepe.

“Kaka, leso yangu waipeleka wapi?”

“Nilitaka kuiona rangi yake juani.”

“Jua gani, na mvua yote hii?”

“Ndiyo maana nangoja.”

Ikhlas akacheka, na kucheka huko ndiko kulikomponza. Kijana alirudi akailipia leso, akamkabidhi, akaomba nambari ya simu. Jina lake lilikuwa Nassor, fundi wa friji wa Kisauni, mtoto wa maalim. Kazi zake zote Nassor alizifanyia barazani, hata upepo uvume vipi. Shingoni alikuwa na kovu kubwa la kuungua. Mafuta ya chipsi, alisema.

Simu zikaanza.

“Uko wapi, roho yangu?”

“Harusini, kwa kina Mwidani.”

“Mlango uko upande gani?”

“Kushoto kwangu. Wataka kujua nani aingia?”

“Nataka kujua wewe utatokea wapi.”

“Una wivu wewe.”

“Ninao, na sitaki dawa yake.”

Hakuna simu iliyokwisha bila swali hilo. Ikhlas alilizoea, kisha akalipenda, maana kuonewa wivu ni raha yake pia. Mkahawani Nassor alichagua daima meza ya mlangoni, na mara moja waligombana kwa hilo, Ikhlas akidai anawakodolea macho wapita njia. Nassor aliomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya. Laiti angeulizwa vizuri siku ile.

Siku ya harusi, nyumbani kwao Bofu, Ikhlas alikuwa na hina hadi viwikoni na asumini kichwani, na ile leso ya zambarau mabegani. Shangazi yake Mwanatatu, ambaye ndiye somo aliyemfunda, alifukiza udi chetezoni mpaka chumba kikawa cheupe kwa moshi. Baada ya magharibi alimwingiza bwana harusi, akawanyunyizia marashi, akatoka na kuufunga mlango kwa ufunguo kutoka nje. Ndivyo alivyowafungia maharusi wote wa ukoo ule, ili wachokozi wasiwasumbue.

“Wang’ara,” Nassor alisema, akianza kumwendea.

Kisha akausikia ufunguo ukizunguka. Alikohoa, akamtazama Ikhlas kana kwamba hamjui, akakamata kitasa na kukitikisa.

“Fungueni. Kuna watu humu.”

“Nassor, ni mimi tu.”

Hakumsikia. Aliupiga mlango mateke mpaka kitasa kikang’oka, akapita mbio miguu mitupu katikati ya wanawake waliokuwa bado wanaimba.

Asubuhi Bofu nzima ilikuwa na jibu lake: bwana harusi hakumkuta bikira. Baba yake Ikhlas, aliyekuwa hakosi safu ya mbele msikitini, akaanza kusalia nyumbani. Simu ya Nassor haikupatikana. Ikhlas alilia kwa fedheha, kisha akalia kwa sababu bado alimtaka, na kilio hicho cha pili kilimuuma zaidi.

Siku chache baadaye mama yake Nassor alikuja, akakaa mkekani bila kuvua buibui.

“Mwanangu, si mafuta ya chipsi. Alikuwa ndani ya ile klabu ya Mikindani iliyoungua. Mlango wa nyuma mwenye klabu alikuwa ameutia mnyororo, watu wasitoroke bila kulipa. Mwana wa maalim, klabuni. Ningewaambia nini watu? Nikasema mafuta.”

“Na mimi, mama? Sikustahili kuambiwa?”

Mama huyo alisema tu kwamba kesho yake waliofiwa wangekutana palepale kuwakumbuka marehemu, na kwamba Nassor hakosi mwaka hata mmoja.

Klabu haikujengwa tena. Sasa ni kiwanja cha kuegesha malori, na siku hiyo madereva walikuwa wamekiacha wazi. Wazazi, wengi wao watu wa bara, walivaa fulana zenye picha za watoto wao. Mchungaji aliomba, kisha mzee Odhiambo, aliyepoteza mabinti wawili, akasoma majina, na kwa kila jina watu wakaitika, “Hatujamsahau.” Nassor alisimama kando ya barabara, mbali na mishumaa. Liliposomwa jina la msichana mmoja, Fancy, alifungua mdomo, sauti isitoke.

“Nilikwenda naye,” alimwambia Ikhlas alipomfikia. “Nilimshika mkono mpaka kwenye mnyororo. Halafu nikamwachia, nikawapanda watu hadi dirishani. Nilikanyaga watu, Ikhlas.”

“Ungekufa.”

“Sikufa. Ndiyo shida yenyewe.”

“Twende nyumbani. Mlango wa chumba chetu nimeung’oa wote, wallahi. Nimeuegemeza uani.”

Nassor alisogea karibu. Pua yake ikaukuta moshi wa udi kwenye leso ya zambarau, akarudi nyuma akikohoa. Ikhlas aliivua akaitupa chini, lakini udi ulikuwa hata nyweleni mwake.

“Bofu wasemaje?” Nassor aliuliza.

“Wajua wasemavyo.”

“Nikirudi watasema nimekusitiri. Lakini mke aliyeachwa kabla ya kuguswa hakai eda. Nikikuacha leo, kesho utatoka, na kila mtu ataona kuwa sikukugusa.”

“Sikukuomba hilo.”

“Na baba yako?”

Hapo Ikhlas alinyamaza. Nassor aliuchukua ukimya huo kuwa ruhusa, na hakuwa na haki ya kuuchukua. Alimpigia baba mkwe simu, akamwamkia shikamoo, akamweleza yote: klabu, mnyororo, Fancy. Akaapa kwamba hakumgusa binti yake. Kisha akamtamkia Ikhlas talaka.

Kesho yake Ikhlas alitembea Bofu mchana kweupe, shangazi Mwanatatu amemshika mkono. Wanawake waliokuwa wakimgeuzia nyuso walitoka milangoni kumpa pole. Jina lake lilikuwa limerudi jeupe, na baba yake alikuwa amerudi msikitini. Ikhlas alinunua nyanya asizozihitaji, akarudi nyumbani, akaketi kitandani.

Simu ikalia.

“Uko wapi?”

“Chumbani.”

“Mlango uko upande gani?”

“Haupo, Nassor. Nilikwambia.”

“Usiurudishe basi,” alisema kwa sauti iliyokatika, na simu ikakatika nayo.

Uani, fundi aliyeitwa na baba yake Ikhlas alikuwa ameshaanza kuupigilia ule mlango bawaba mpya.